Kilomita 42.195 kwa Watu Sita: Shajara ya Wiki Nane

Wiki ya 1: hesabu ya karatasi

Mbio tunazojiandaa nazo ni za kupokezana barabarani kwa mtindo wa Kijapani, ekiden. Umbali ni wa maratoni nzima, wakimbiaji sita, vipande vya kilomita 5, 10, 5, 10, 5 na 7.195. Huo ndio mgawanyo unaotumika kimataifa kwa rekodi. Hakuna kijiti: timu hupeana mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani, ambao Wajapani huuita tasuki. Mahali ni barabara ya ufukweni upande wa Masaki, Dar es Salaam, msimu wa kusi. Filimbi saa 12:30 asubuhi.

Timu ina wakimbiaji sita na akiba wawili. Humu tutawaita kwa herufi. Muda bora wa kila mmoja kwa umbali wake:

A, km 5: 18:40
B, km 10: 37:50
C, km 5: 21:30
D, km 10: 40:20
E, km 5: 22:10
F, km 7.195: 28:50

Jumla 2:49:20. Namba hii imebandikwa ukutani, lakini asiiamini mtu. Muda bora wa mkimbiaji hupatikana siku ya baridi kidogo, kwenye kundi, baada ya kupasha mwili kwa saa anayoijua. Kwenye ekiden mtu anapokea mshipi saa isiyo na uhakika, mara nyingi akiwa peke yake barabarani, na kipande cha mwisho kinaanza jua likiwa limeshapanda. Kazi ya wiki nane ni kuujua mwanya kati ya karatasi na barabara, kisha kuupunguza.

Wiki ya 2: kupima njia

Mbio zinakimbiwa kwenda na kurudi: koni kwenye mita 2,500, unageuka, unarudi pale pale ulipoanzia. Mzunguko mmoja ni kilomita 5. Wa kilomita 10 anazunguka mara mbili. Wa mwisho anazunguka mara moja, kisha anageukia koni ya pili iliyoko mita 1,097.5. Jumlisha: mizunguko minane na kipande cha mita 2,195, maratoni imetimia. Uzuri wake ni kwamba makabidhiano yote matano yanafanyika sehemu moja, kwa hiyo hema moja na ndoo moja ya barafu vinatosha. Ubaya wake tutaufikia.

Njia ya mazoezi tumeipima wenyewe kwa umbo hilo hilo. Saa za mkononi za setilaiti hazifai kwa kazi hii: chini ya miti zinayumba, na kwenye koni zinakata kona. Kosa la mita 10 kwa mzunguko huzaa mita 80 kwenye mbio nzima, yaani sekunde 20 hivi kwa mwendo wetu.

Tumetumia baiskeli, gurudumu la mbele lenye spoku 36, alama ya rangi kwenye tairi. Kwanza tumenyoosha utepe wa chuma mita 300 kwenye sehemu iliyonyooka, tukaisukuma baiskeli juu ya mstari huo mara nne. Wastani: mizunguko 142 na spoku 31. Upimaji wa njia za mbio huongeza moja kwa elfu ili njia isije ikawa fupi, kwa hiyo mita 2,500 zinapimwa kama 2,502.5. Kwa gurudumu letu hiyo ni mizunguko 1,191 na spoku 25. Koni ya pili imeangukia kwenye mzunguko wa 523 na spoku 6.

Mambo mawili huharibu upimaji wa baiskeli. La kwanza ni upepo wa tairi: ukijaza alfajiri halafu ukapima saa 4, lami imeshapata moto, tairi limevimba, na kila mzunguko umerefuka kidogo. Pima ndani ya saa moja, kisha rudi kwenye zile mita 300 uhakikishe. La pili ni mstari wenyewe. Penye kona pita sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa barabara, njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji angeweza kuipita. Ukipima katikati ya barabara, njia yako itakuwa fupi kwa kila mwenye akili ya kubana kona.

Wiki ya 3: jaribio la kwanza

Mpangilio A, B, C, D, E, F. Muda unachukuliwa kwenye mstari: anayekuja akigusa mstari, kipande cha anayeondoka kimeanza, awepo asiwepo.

A 18:31
B 39:24
C 21:58
D 42:06
E 22:35
F 30:29

Jumla 2:55:03. Mwanya ni dakika 5 na sekunde 43. Ukiugawa kwa kipande unaona kitu: A ameokoa sekunde 9, C na E wamepoteza 28 na 25, jambo la kawaida. Dakika zimemwagika kwa B (sekunde 94), D (106) na F (99).

B: kilomita ya kwanza 3:36, wakati mwendo wake ni 3:47. Kapokea mshipi kutoka kwa mtu mwenye kasi, kaondoka na kasi ya mwenzake. Kilomita ya 7 hadi ya 9 zote zimepita 4:05. Sekunde 11 alizochuma mwanzoni amezilipa mara nane.

D: hakuwepo kwenye mstari. Alikuwa chooni. Sekunde 22 za mwanzo C amesimama na mshipi mkononi, anaita jina. Zilizobaki ni za mtu aliyeanza mbio kwa kukurupuka.

F: amekaa pasipo kivuli tangu saa 12. Amepasha mwili mapema mno, akapoa, akapasha tena. Alipoanza kukimbia alikuwa ameshatumia nguvu za kilomita tatu na ameloa jasho. Kurudi ni kuelekea kusini, usoni mwa upepo, na kusi hukaza kadiri asubuhi inavyosonga. Wengi hulaumu nusu hiyo ya upepo, lakini kinachochosha zaidi ni nusu ya kwenda: upepo uko mgongoni kwa kasi inayokaribiana na yako, hewa haipiti mwilini, jasho halikauki. F alikuwa ameiva kabla hajafika kwenye koni.

Hitimisho la jaribio: kati ya sekunde 343, zilizotokana na miguu kukosa uwezo ni chache. Nyingi zimepotea kwenye dakika arobaini kabla mshipi haujafika.

Wiki ya 4: mpangilio, na kungoja

Mpangilio kwanza. Rekodi ya dunia ya wanaume kwa mgawanyo huu ni ya Kenya, 1:57:06, Chiba, Japani, tarehe 23 Novemba 2005. Vipande vyake vinafaa kusomwa polepole: Josephat Ndambiri 13:24, Martin Mathathi 27:12, Daniel Mwangi 13:59, Mekubo Mogusu 28:12, Onesmus Nyerere 14:36, John Kariuki 19:43. Wastani ni dakika 2 na sekunde 46 na ushei kwa kilomita. Ila tazama kipande cha tano: 14:36, zaidi ya dakika moja nyuma ya cha kwanza kwa umbali ule ule. Hata timu hiyo ilikuwa na mahali pa kuweka mguu wake mzito, nako ni kwenye kilomita 5 ya mwisho, mbio zikiwa zimeshatawanyika. Hodari wamepangwa cha kwanza na cha pili, pale nafasi inapogombewa.

Kwetu A na B wanabaki. E anabaki wa tano. Tumebadilishana D na F: F hapatani na jua, kwa hiyo anapewa kipande cha nne, kinachoanza kabla ya saa 2. D hufanya mazoezi yake ya kila siku saa 10 jioni lami ikiwaka, basi amalizie yeye. Kwenye karatasi F atakimbia kilomita 10 kwa 40:40 na D atakimbia 7.195 kwa 28:35. Jumla mpya 2:49:25, sekunde 5 mbaya kuliko ya awali. Karatasi inasema tumeharibu. Tuiache iseme.

Sasa kungoja. Ratiba ya anayengoja inahesabiwa kurudi nyuma kutoka kwenye dakika ambayo mshipi unatarajiwa, si kutoka kwenye saa ya ukutani:

Dakika 35 kabla: anatoka kivulini, anakimbia taratibu dakika 10 tu. Nairobi au Arusha ungeenda 20. Hapa 10 zinatosha, hewa yenyewe imeshapasha.
Dakika 22: choo. Lazima, hata kama hajisikii.
Dakika 15: mbio nne za mita 80 za kuachia miguu, kutembea kurudi.
Dakika 9: kitambaa chenye barafu shingoni, mafunda mawili matatu ya maji, traksuti inavuliwa, kamba za raba zinafungwa fundo mara mbili.
Dakika 4: yuko kwenye eneo la kupokezana. Haondoki tena.

Dakika zenyewe anazijuaje? Mtu mmoja anakaa kwenye koni ya mita 2,500 na simu. Mkimbiaji wetu akigeuka, anapiga: "Amegeuka." Kutoka hapo kilomita 2.5 zimebaki. Kwa C hiyo ni dakika 10 na sekunde 45, ongeza sekunde 10 za upepo. Kwa B na F, wanaopita koni mara mbili, simu ya kwanza inasema "mara ya kwanza", ya pili "anakuja". Maneno yasibadilishwe. Neno "amepita" limepigwa marufuku, maana anayepokea simu kituoni hajui amepita wapi.

Wa kilomita 10 wanavaa mipira miwili ya kufungia noti mkononi, wanatupa mmoja kila wakifika kituoni. Mkononi ukibaki mmoja, hujamaliza. Inaonekana ya kitoto mpaka uone mtu mzima, amechoka, ananyoosha mshipi kwa mwenzake akiwa na mzunguko mzima mbele yake.

Wiki ya 5: mshipi

Vipimo vya kawaida vya tasuki ni upana wa sentimita 6, urefu wa mita 1.6 hadi 1.8. Kitambaa tumenunua Kariakoo, aina mbili: satini na pamba. Satini inapendeza kwenye picha lakini inateleza begani, kila hatua 50 mkono unaenda kuirudisha. Tumechagua pamba. Fundi ameukunja mara mbili na kuushona pembeni ili usijisokote kama kamba. Urefu mita 1.7, ncha zimefungwa kwa fundo la kitanzi linalotelezeshwa, kwa sababu kati ya kifua cha B na cha E kuna tofauti ya sentimita 20.

Unavaliwa bega la kulia, unashuka chini ya kwapa la kushoto. Sheria zetu ni tatu. Anayekuja anauvua ndani ya mita 400 za mwisho, si kabla. Anaushika kwa mikono miwili, umenyooka mbele ya kifua. Anayeondoka anaushika katikati, anauvaa ndani ya mita 200 za kwanza, anavuta fundo, na mkia uliobaki unachomekwa kwenye bukta. Mkia usiochomekwa hupiga paja hatua kwa hatua, na baada ya kilomita mbili mkimbiaji hafikirii kitu kingine.

Eneo la kupokezana lina mita 20: kumi kabla ya mstari, kumi baada yake, na makabidhiano yote lazima yaishe humo ndani. Tumepiga video kwa simu. Anayeondoka akipokea amesimama wima, tunapoteza sekunde 3 hivi. Akianza kusogea mwenzake akiwa mita 4 au 5 nyuma yake, tunapoteza 1. Mara tano, jumla sekunde 10. Ni faida, ila ilinganishwe na 22 za chooni. Dakika ishirini kwa wiki zinatosha kwa zoezi hili. Klabu zinazolifanya kila siku zinajifurahisha.

Aliyekabidhi asisimame hapo hapo. Apite mstari, atazame nyuma, ndipo atoke pembeni. Mgongano mwingi unatokana na mtu aliyejikunja kushika magoti katikati ya njia.

Mazoezi ya miguu yameendelea kama kawaida: Jumanne mita 800 mara sita kwa wa kilomita 5, mita 1,600 mara tano kwa wa kilomita 10, Alhamisi dakika 25 za mwendo wa kukaza. Jumamosi tumeongeza zoezi la kungoja: kila mtu anaamka saa 10:30 alfajiri, anafika kituoni saa 12, na hakimbii mpaka saa ya kipande chake. Ugumu wa zoezi lenyewe ni kukaa tu. D, anayesubiri zaidi ya saa mbili, anakula kipande cha mkate na ndizi saa 12:15 na hali tena.

Wiki ya 6: jaribio la pili

A 18:44
B 38:16
C 21:37
F 41:02
E 22:21
D 29:12

Jumla 2:51:12. Mwanya umeshuka kutoka 5:43 hadi 1:47. Hakuna aliyekimbia muda wake bora. Makabidhiano yote matano yamekuta mtu kwenye mstari. B kilomita ya kwanza 3:44, baada ya kuwekewa mtu kwenye mita 500 anayemsomea saa kwa sauti. F hakuguswa na jua. D amesema kilomita mbili za mwisho zilikuwa moto, na namba zinamuunga mkono: 4:02 na 4:06.

Maji: wa kilomita 5 hawahitaji njiani. Wa kilomita 10 wanapewa vikombe viwili wakipita kituoni, kimoja mdomoni, kimoja kichwani. Kwenye jaribio B na F wamekunywa tu, hawakujimwagia, kulikuwa na mawingu. Iandikwe.

Wiki ya 7

Kupunguza mazoezi kwa nusu. Mzigo wa hema umefungwa: mishipi miwili, pini 30 (nne kwa kila mkimbiaji na sita za ziada), stopwochi mbili, barafu kilo 10 kwenye ndoo yenye mfuniko, sponji sita, mkeka, kalamu ya wino mzito, simu mbili zilizojazwa chaji zenye laini za mitandao tofauti. Karatasi ya ratiba imewekwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Wiki ya 8: mbio

A 18:36
B 38:41
C 21:29
F 40:58
E 22:47
D 29:19

Jumla 2:51:50. Sekunde 38 nyuma ya jaribio la pili, na sehemu kubwa iko kwa B na E.

B kilomita ya kwanza 3:39. A alifika akiwa kwenye kundi la mbele na mbele yao kulikuwa na migongo ya kufukuza. Msomaji wa saa wa mita 500 alikuwepo, lakini alikuwa kwenye kundi la washangiliaji na sauti haikusikika. Safari ijayo asimame mita 700, peke yake, na ubao.

Kituo kimoja kwa timu zote kilileta ule ubaya uliotajwa wiki ya 2. Kati ya saa 1:20 na saa 1:35 kulikuwa na watu wengi kwenye mita 20, wengine wanapokea, wengine wanapita kwenda mzunguko wa pili. Wasimamizi walikuwa wanaita namba anayekuja akiwa ameshafika. C hakuwategemea: alikuwa na simu ya koni na dakika zake, akasimama upande wa bahari ambako hakukuwa na mtu, na B alikuwa ameambiwa aje upande huo. Hakuna sekunde iliyopotea hapo. Mipira ya mkononi ilifanya kazi yake mara mbili.

Kosa la E lilikuwa letu. Asubuhi haikuwa na mawingu, kwa hiyo B na F wote wawili walijimwagia maji kituoni, kama walivyoelekezwa. Mshipi ulifika kwa E umeloa chapa. Pamba ikiloa huvimba, na fundo la kitanzi likivimba halitelezi. E ndiye mwenye kifua chembamba kuliko wote. Alivuta, fundo halikusogea, mshipi ukabaki na kipimo cha F. Amekimbia kilomita 5 huku mkono wa kushoto umeushikilia, bega limepinda, mkia unapiga paja. Sekunde 26 zaidi ya jaribio la pili. Majaribio yote ya fundo yalifanyika kitambaa kikiwa kikavu.

D alimaliza saa 3:21 na sekunde 50, jua likiwa kali. Kilomita ya mwisho 4:03.

Yaliyobaki kufanywa

Fundo linaondolewa. Mshipi umepelekwa kwa fundi wa mabegi uwekewe kile kibano cha plastiki cha kurekebishia urefu, kama cha mkanda wa begi la shule, upana wa sentimita 6. Kabla ya kukitumia kwenye mbio waandaaji waulizwe kama kinaruhusiwa. Wakikataa, tunarudi kwenye fundo na mshipi unakatwa kwa kipimo cha E, wenye vifua vipana wauvae umebana.

Jaribio la kibano: mshipi uloweshwe ndani ya ndoo dakika 10, ukamuliwe mara moja, uvaliwe na B, upokelewe na E akikimbia. Mara kumi. Kikikwama hata mara moja, hakifai.